Ufuko Usiotoa Jiwe

Watalii hutoka Ujerumani mpaka Japani kuja kisiwani kwetu, lakini kuondoka ufuko wa Aspra lazima wapite kwa Kaliroi. Mimi ndiye mwenye boti, maana njia ya nchi kavu hakuna, ni majabali na mbuzi tu. Kaliroi hutoka mgahawani mwake akinuka pweza wa kuchoma, akasimama penye ubao wa kupandia na kunyoosha mkono.

"Fungua begi, mwanangu. Na mifukoni pia."

Anachotafuta ni mawe. Ufuko wetu hauna mchanga. Una mawe meupe, laini kama mayai, na wimbi likirudi nyuma hulia yote kwa pamoja. Hakuna ufuko mwingine kama huu duniani, na anayebisha aje tubishane. Mama yake Kaliroi alipekua watu, na bibi yake pia. Hata mimi hunipekua!

Siku binti yake Garifalia alipohamia Australia, tulikuja wengi kumsindikiza. Kaliroi akanyoosha mkono.

"Mama, hata mimi?"

"Hata wewe."

Jiwe likatoka ndani ya soksi, dogo, lenye mstari wa kijivu.

"Moja tu, mama. La kukukumbukia."

"Kila mtu husema moja tu. Ukitaka kuliona, rudi."

Kaliroi akaenda kuliweka chini ya tao la mwamba pale ufukoni. Garifalia alipanda boti bila kumbusu mama yake.

Majira yote ya baridi yakapita, simu ya binti haikulia. Nilimkasirikia Kaliroi kweli.

"Umemfukuza mwanao kwa jiwe, we mwanamke!"

"Endesha boti yako, Zafiri," alinijibu, lakini alikuwa amekonda.

Agosti, kwenye sikukuu ya Bikira Maria, Garifalia akashuka botini mwangu. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye tao, akainama.

"Lipo!" akapiga kelele.

"Ulidhani litakwenda wapi?" akajibu Kaliroi, na pweza anaungua jikoni. Siku hiyo nilijivunia kuzaliwa hapa kuliko siku zote.

Wakati wa kuondoka, binti akafungua begi mwenyewe.

"Pekua, mama."

Nikadhani safari hii atamwacha. Wapi! Alipekua mpaka soksi, asikute kitu, ndipo akamkumbatia mwanawe na kulia kwa sauti mbele ya wageni wote.