Mama Mstari na Mashine ya Kiunoni

Kazini walimwita Mama Mstari. Mstari aliokuwa akiupiga kwenye suruali ulinyooka mpaka wenzake wakawa wanawatania wateja wasikae vibaya wasije wakajikata. Duka lao la dobi lilikuwa dogo: mbele kaunta, katikati mashine za kufulia, na kule nyuma chumba cha pasi za mvuke, chenye joto ambalo kila mtu alikuwa na kisingizio cha kulikimbia. Yeye alilipenda. Akishaingia, akafunga kitambaa kichwani na kushika pasi, hakuna aliyemsemesha mpaka mchana. Nyumbani kulikuwa na watu wengi. Kule nyuma alikuwa yeye na mashati.

Kisukari alikuwa nacho tangu usichana, kile cha sindano. Alikuwa akijichoma chooni, chapchap, halafu anatoka anafuta mikono kama mtu aliyekwenda kunawa tu. Wenzake wengi hawakujua lolote. Mambo yalikuja kuharibika pale sukari ilipoanza kumshuka bila kupiga hodi. Zamani mwili ulikuwa ukimwambia: jasho, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla. Sasa alikuwa anazimika tu kama taa. Alianguka sokoni, akaanguka bafuni, na mara ya mwisho alianguka kazini akiwa ameshika pasi. Koti la mteja liliungua, na uso wake uliponea chupuchupu.

Basi kliniki wakampa pampu, kidude cha ukubwa wa simu ndogo, chenye mrija mwembamba unaoingia tumboni chini ya plasta. Mkononi wakambandika kingine cha kupima sukari saa zote.

"Hii itakuwa inakupa insulini kidogo kidogo, mama," nesi alimweleza. "Habari ya sindano kila mara imekwisha."

"Na nikilala?"

"Unalala nayo."

"Nikioga?"

"Unaichomoa, unaoga, unairudisha. Isizidi saa moja."

"Na siku ya mapumziko?"

Nesi akacheka, akidhani anataniwa. "Haina mapumziko, mama."

Aliyefurahi kupita kiasi alikuwa mumewe. Alikuwa fundi wa friji, mtu ambaye akiona skrubu mate yanamtoka. Alikisoma kile kitabu cha maelezo jalada hadi jalada, akaiunganisha ile mashine na simu ya mkewe, na ya mkewe na ya kwake, ili popote alipo aione sukari inavyopanda na kushuka. Siku ile alilala usingizi mzito, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mkewe aanguke bafuni. Mkewe ndiye aliyebaki macho, hajui ageukie upande gani.

Mtu akikaa na kitu kile ndipo anakijua. Gauni lisilo na mfuko halikuvalika tena. Mrija ulinasa kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, naye akiwa mbioni kuepua sufuria, ukang'oka na plasta yake, damu ikamtiririka hadi kwenye paja. Binti yao wa mwisho alijifunza kumkumbatia mama kwa upande mmoja. Kabla ya kutia kitu mdomoni ilibidi aiambie mashine anakula nini na kiasi gani, na ilikuwa ikimlilia hata msibani, watu wakageuka kutafuta nani hakuzima simu.

Hayo angeyazoea. Lililomkaba ni kwamba watu waliacha kumuuliza yeye.

"Inasemaje leo, mwanangu?" mama mkwe alikuwa akimuuliza, macho kiunoni.

Na mumewe, kutoka huko alikolala chini ya friji ya mtu, alikuwa akipiga simu: "Naona inashuka. Kunywa juisi."

"Sijisikii vibaya."

"Mashine inasema inashuka."

"Haya."

Kisha likaja suala la joto. Plasta zilibanduka kwa jasho, akawa anazikandamiza kwa kiganja huku mkono mwingine uko kwenye pasi. Wiki moja sukari ilipanda ikakataa kushuka hata alipoongeza dozi, mdomo ukamkauka kama kitambaa kilichoungua. Kliniki wakabadilisha insulini yote, na sukari ikateremka.

"Dawa ilikuwa imepikika humo ndani," nesi alisema. "Mama, unafanya kazi wapi?"

Bosi wake, mama mmoja mpole ambaye upole wake haukuwa na mlango wa kutokea, akamhamishia kaunta. "Hapa kuna feni, dada. Utakaa, utapokea nguo, utatoa risiti. Mshahara ni ule ule." Pasi akapewa shemeji wa bosi, mtu wa soga nyingi aliyekuwa akipiga kola kama anayeua mende. Mama Mstari akawa anaketi kwenye kiti kirefu, akiwaomba wateja radhi kwa makunyanzi ya mtu mwingine.

Siku moja mezani mumewe alinyoosha mkono, akamfunua blauzi pembeni bila hata kusimamisha maongezi, akasoma kioo.

"Betri imebaki kidogo," akasema.

Mkewe akausukuma ule mkono. "Mimi si friji!"

Watoto wakaacha kutafuna. Mumewe akajaribu kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. "Nani kasema wewe friji?"

"Wewe. Kila siku. Unanifungua, unachungulia, unanifunga."

Asubuhi iliyofuata aliichomoa pampu, akaiviringisha kwenye taulo, akaitia kabatini. Simu akaizima. Kazini akamwambia bosi, mkavu wa macho, kwamba kliniki wamemruhusu. Shemeji mtu alimwachia pasi upesi sana, hakuhitaji kusikia mara ya pili.

Ile asubuhi! Kiuno chake kilikuwa chepesi, akawa anainama, anageuka, anajinyoosha kuchukua henga bila kitu kumvuta nyuma. Alipiga suti, alipiga marinda ya sketi za shule, akaimba kwa sauti ndogo. Sindano zake za zamani zilikuwa nyumbani kwenye friji. Alijiambia mchana atakwenda kujichoma, na mchana ulipofika akasema amalizie kwanza shati hili.

Kiu ilimwanza, akanywa maji, akanywa tena. Kufikia alasiri alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo ya wanga, anatapika, na bosi anapiga kelele gari liitwe.

Mumewe aliwakuta hospitali, mkononi ameshika lile taulo. Hakumgombeza. Alikaa kwenye benchi kando ya kitanda mpaka dripu ya kwanza ikaisha, ndipo akasema:

"Simu yako ilipokufa nilidhani chaji imekwisha, ila mchana nikakimbilia nyumbani. Nikafungua kabati, nikaikuta humu imeviringishwa kama mtoto. Nilikuwa naja kukutafuta kazini, bosi wako akanipigia."

Mkewe akalishika pindo la taulo.

"Kazi siwezi siku hizi," akaendelea. "Nikishika bisibisi, jicho liko kwenye simu. Mteja mmoja amenifukuza. Sema neno, niifute hii programu kwenye simu yangu."

Mkewe alitaka kusema futa. "Iache," akasema mwishowe. "Ila usinipigie. Nikikuhitaji nitakuita. Na nguo yangu usiifunue."

"Na ikishuka kabisa?"

"Ikishuka kabisa, piga."

Hawakucheka, wala hakuna aliyeona kwamba ameshinda.

Bado yuko kaunta. Alimbembeleza bosi mpaka akakubali kwamba asubuhi, kabla chumba cha nyuma hakijapamba moto, apige yeye zile suti na mashati ya wateja wagumu kuridhika. Anaichomoa pampu, anaiacha kwenye droo ya risiti chini ya feni, anaingia. Nesi alisema isizidi saa moja, na sasa anazijua dakika zake kama mfungwa anayetolewa kuota jua. Shati la mwisho analipiga polepole, anarudia kola ambayo ilikwisha kunyooka. Halafu anatoka, anajiunganisha, anapanda kiti chake kirefu, na mteja wa kwanza anamuuliza kama nguo zake ziko tayari.