Ng'ombe wa Dada Walivyoezeka Kanisa

Kanisa letu la nyumbani, upande wa Kolandoto, siku hizi linaingiza watu maradufu ya zamani, na kila ninapoingia humo nakasirika. Nakasirika kabla hata sijakaa. Mama huniambia hasira ya kanisani ni dhambi, nami humjibu kwamba Mungu mwenyewe anajua ilikoanzia. Huwa nakaa upande wa zamani, wenye mabati yaliyoliwa na kutu. Upande mpya una feni na mabenchi ya mninga, lakini mimi siuwezi.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, tena mzee kweli, si wa kuvaa koti tu. Ndiye aliyekuwa akienda kuwasalimia wagonjwa kwa baiskeli, na ndiye aliyechimba makaburi ya watu wasio na ndugu. Lakini maisha yake yote hakuwahi kusifiwa mbele za watu. Sifa zilikwenda kwa wafanyabiashara na waheshimiwa waliokuja siku moja na kuondoka na vumbi la magari yao. Nalisema hili mapema ili nisije nikamwonea baba yangu.

Jumapili ya harambee mimi, binti yake mdogo, nilikuwa nyumbani. Nafundisha shule ya msingi huko Ushetu, kwenye vijiji vya tumbaku, na ilikuwa likizo. Kanisa lilitaka mambo mawili: kupanua jengo, na kumtuma mwinjilisti machimboni, kule Geita, pamoja na pikipiki ya kumzungusha. Vijana wetu wengi walikuwa wamehamia huko kufuata dhahabu, na habari zilizorudi hazikuwa za kusali.

Kwetu asiye na fedha mkononi hutoa alichonacho. Ibada ikiisha, vitu vinatolewa nje, kwenye kivuli cha ukuta, vinapigwa mnada: mayai, papai, debe la mpunga, kuku aliyefungwa miguu. Mtu ananunua yai kwa bei ya kuku, anashangiliwa, kisha anasema, "Nalirudisha kwa Bwana," na yai linanadiwa upya. Siku ile palikuwa na jogoo aliyeuzwa na kurudishwa mpaka akachoka kulia, akatulia tu mikononi mwa mnadishaji kama mzee aliyekata rufaa zote. Tulicheka sana. Hata baba alicheka.

Mgeni rasmi alikuwa mnunuzi wa mpunga kutoka Kahama, mtu mnene, mwenye maneno. Aliahidi saruji yote ya msingi, kisha akasimama katikati yetu akaanza kuchokoza. "Wasukuma wenye ng'ombe mko wapi? Naona mayai tu hapa. Au ng'ombe mnawafuga wawe wanawaangalia mkila?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani. Mkitaka kumtukana Msukuma, msiseme lolote juu ya nyumba yake wala nguo zake. Semeni ng'ombe.

Baba akasimama. Nilidhani anakwenda kutoa mbuzi.

"Natoa ng'ombe wa binti yangu," akasema. "Wote sita. Mali iliyotoka machimboni irudi machimboni, ikawe neno la Mungu."

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena. Akina mama walimzunguka wakimpepea kwa kanga, mchungaji akamkumbatia, mgeni rasmi akamvisha kofia yake mwenyewe kichwani. Baba aliishika ile kofia isimdondoke, akacheza palepale. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, na nakiri nilimfurahia. Ni mama peke yake aliyebaki ameketi. Alishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Mayu!" yaani mama wee, kama mtu aliyemwona mtoto anaangukia moto.

Ng'ombe wale walikuwa mahari ya dada yangu mkubwa. Alikuwa ameolewa na mchimbaji mwenye hisa kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, huko Geita. Mwaka ule shimo lilikuwa limetoa, shemeji akaleta ng'ombe wote kwa mkupuo mmoja, wanene, wa kununuliwa mnadani, na kijiji kizima kikaja kuwatazama. Sasa kwetu ng'ombe wa mahari wana namna yake. Wanakaa zizini kwako, unawakamua, unalimia, lakini moyoni unajua si wako moja kwa moja. Ndoa ikivunjika wanarudi walikotoka, wao au wenzao wa kufanana nao. Ukimwozea mwanao wa kiume kwa ng'ombe hao, watu watakuelewa, kwa kuwa wamebaki ndani ya ukoo. Lakini hakuna aliyewahi kufikiria mtu atamdai vipi Mungu.

Mama alilisema hilo jioni ileile, wala hakulisema kwa upole.

"Binti akirudi utawapa watu nini?"

"Arudi kwa nini? Ameshazaa."

"Kuzaa si kufungwa kamba, Mzee."

"Mimi nimempelekea binti yangu kanisa hukohuko aliko," baba akasema. "Kule hakuna hata mtu wa kumwombea. Wewe umempelekea nini?"

Kesho yake vijana wa kanisa walikuja kuwaswaga ng'ombe kwenda mnadani, mama akaingia ndani akafunga mlango. Zizi lilibaki na mbuzi. Wiki chache baadaye mabati mapya yaliteremshwa kanisani, na mwinjilisti akapita kutuaga na pikipiki nyekundu ambayo bado ilikuwa na nailoni kwenye kiti. Baba alimwagiza jambo moja tu: "Unitazamie binti yangu."

Na mwinjilisti, haki yake nimpe, alimtazamia.

Dhahabu haina adabu. Lile duara la shemeji liliingia maji, wenzake wakahamia kwenye rashi nyingine, machimbo mapya yaliyokuwa yamelipuka, yeye akabaki na pombe. Kisha akaanza kumpiga dada. Ilikuwa likizo nyingine, nami nilikuwa nyumbani tena, siku pikipiki nyekundu ilipoingia uani ikiwa imembeba dada na mtoto wake mgongoni. Alikuwa amefunika uso kwa kanga. Mama alipoifunua, hakulia, alikwenda moja kwa moja kuchemsha maji. Sikio la kushoto lilikuwa linatoka usaha. Hospitali walituambia ukweli, kwamba lile sikio halitasikia tena.

"Nimemkuta amelala kwenye karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu, nyuma ya magunia ya mawe," mwinjilisti akamwambia baba. "Nisingeweza kumwacha, Mzee."

Baba alimshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja sana," akiwa ameshika mkono wake asiuachie. Usiku na mchana dada alilala kwenye kitanda changu, na alipoanza kula vizuri akasema jambo moja, tena kwa sauti ndogo: hataki kurudi. Hakuomba kitu kingine. Hakutaka shamba, wala fedha, wala shemeji afungwe. Alitaka tu aruhusiwe kukaa.

Baba mkubwa wa shemeji alifika na wazee wawili. Walikuwa watu wastaarabu sana. Tuliwasalimia shikamoo wakaitikia vizuri, wakala michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, wakanywa uji, wakaulizia mvua. Ndipo yule mzee akasema, "Hatukuja kwa ugomvi, mkwe. Kijana wetu amekosa, na tumemwambia amekosa. Lakini sisi tunataka mke wetu, au tunataka ng'ombe zetu."

Baba akawaomba muda. Wakampa, wakaaga, wakaondoka kwa heshima ileile. Ningependelea wangetutukana.

Baba akaita ndugu zake. Walikaa uani mpaka jua likasogea, kila mmoja akitazama chini. Mwisho baba mdogo, ambaye ni mkali kuliko wote, akasema yale waliyokuwa nayo wote. "Ulipotoa hukutuita, Kaka. Ulivishwa kofia peke yako. Leo kulipa ndiyo umetukumbuka?"

Basi baba akaenda kwa mchungaji. Nilimsindikiza, nikabaki nje ya dirisha la ofisi, nimekaa kwenye tofali zilizosalia za ujenzi. Nilimsikia akiomba. Mtu aliyezoea kuombea wengine hajui kuomba kwa ajili yake mwenyewe. Alizunguka, akaanza na habari za mvua, kisha za wagonjwa, ndipo akafika kwa ng'ombe.

"Mzee wangu, wale ng'ombe unawaona," mchungaji akasema. "Ni haya mabati. Nikiyang'oa nani atayanunua? Na ile pikipiki ndiyo iliyomwokoa mwanao."

"Ni kweli."

"Ningekuwa nao ningekupa wangu. Nina mbuzi mmoja. Mchukue."

Alikuwa akilia, nilimsikia. Nilitamani awe mtu mbaya, mla sadaka, nipate wa kumchukia vizuri. Lakini alitoka na mbuzi wake kweli, akamfunga kamba, akampa baba. Tukarudi nyumbani na mbuzi yule akilialia njia nzima. Ng'ombe walewale waliomleta dada nyumbani ndio waliokosekana ili abaki. Nilikuwa nikiliwaza hilo nyuma ya mgongo wa baba, nikaona amezeeka.

Ndugu wakaitwa tena. Safari hii baba mdogo alikuja na jibu. Alinitazama mimi niliyekuwa nawapakulia ugali, akasema, "Mbona njia ipo? Huyu mwalimu naye umri unakwenda. Aolewe. Mwalimu hakosi mtu wa kumtolea ng'ombe, tena wengi. Wamkomboe dada yake."

Nilisubiri baba akatae. Bado nasubiri. Aliosha mikono, akainama juu ya sahani, akala.

Dada alikuwa ndani, na sikio lake moja lilikuwa linasikia bado. Asubuhi nilipoamka nilimkuta ameshamfunga mtoto mgongoni na kukunja kanga zake kwenye mfuko. Nikamshika mkono. Nikamwambia nina mshahara, tutakopa, nitaomba uhamisho, tutahama wote. Mengine sijui hata nilisema nini.

"Watamfuata baba," akasema. "Wataanza na mbuzi, waje kwenye shamba. Na wewe akina baba mdogo watakutoa kwa yeyote mwenye zizi." Akanitoa mkono taratibu. "Mmoja wetu akiharibika inatosha."

Aliwaaga wazazi kwa magoti, kama mtu anayeolewa. Baba akamwekea mkono kichwani, akaanza sala, sala ikamshinda katikati. Mama alimsindikiza mpaka barabarani peke yake. Mimi nilibaki nimesimama uani nikiwa na hasira ambayo ndiyo hii ninayoingia nayo kanisani mpaka leo.

Kanisa liliwekwa wakfu baada ya mavuno. Maturubai yalifungwa, kwaya zilikuja kutoka Shinyanga mjini, na yule mnunuzi wa mpunga akawa tena mgeni rasmi. Dada alikuja na mumewe. Shemeji alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe, anasalimia watu kwa adabu, na watu wakamwitikia kwa furaha, maana kwao ile ilikuwa ndoa iliyopona kwa maombi. Mwinjilisti ndiye pekee aliyempita bila kumpa mkono. Sisi tuliketi upande mpya, safu moja: baba, mama, mimi, dada, na shemeji mwisho. Dada alikuwa amekonda. Alikaa amenigeuzia sikio la kulia, ili asikose kunisikia.

Mchungaji alishukuru wa saruji, akashukuru wa mabenchi. Kisha sauti yake ikashuka. "Na sasa wale waliotoa ng'ombe, hao ambao mabati haya ni jasho lao, naomba wasimame tuwaombee."

Watu wakageuka kumtazama baba. Hakusimama. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi lililokuwa mbele yake, macho yakiwa sakafuni. Mchungaji akamwita, "Mzee wetu, usione haya." Mama akamgusa goti. Baba akatikisa kichwa.

Spika zilikuwa upande wa kushoto kwa dada, upande wa lile sikio. Akaniinamia. "Wanasema nini?"

Nikamwambia, "Wanasema waliotoa ng'ombe wasimame."

Dada akampakata mtoto vizuri, akasimama.

Shemeji akamvuta kanga, lakini dada hakukaa. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, wakafuata wote. Walidhani amesimama kwa niaba ya baba yake. Mchungaji akanyoosha mkono juu yake, akambariki mzee wetu mpendwa na nyumba yake yote, na baba akaanza kulia kwa sauti mbele ya watu. Dada hakumtazama. Alisimama hivyohivyo, macho yake kwenye mabati, mpaka maombi yalipoisha, ndipo akaketi kando ya mume wake.