Kitambaa cha Mama Mkwe

Fundi wa kompyuta wa Chanika, Handeni, haanzi na bisibisi. Kwanza huweka mgongo wa kiganja chini ya laptopu kama anayempima mtoto homa, kisha huitegea sikio akiwa amefumba macho. Nimekaa na mafundi wa Kampala na Bujumbura, wepesi wa kufungua. Huyu ni mwepesi wa kuuliza. "Inajizima ukifanya nini, dada?" Mwanaisha, mpiga video za harusi, alijibu kwa hasira: "Nikiandika, salama. Nikiunganisha video, bibi harusi akianza tu kucheza, giza! Na wenyewe wanaitaka kesho." "Nyumbani inakaa juu ya nini?" Mwanaisha akatoa mkobani kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua. "Kakifuma mama mkwe. Nisipokitandika chini yake, ananuna."

Fundi hakucheka. Alifungua laptopu, akavuta kwa kibano nyuzi nyeupe zilizojisokota kwenye feni, akapuliza vumbi, akafunga. Akaiinua juu ya vizibo vinne vya soda ili ivute hewa kwa chini, akawasha video. Bibi harusi akacheza, akakata keki, akalisha wakwe, na giza halikuja. Lakini Mwanaisha alikuwa anakitazama kitambaa. "Sasa nitamwambia nini?" Fundi akakikung'uta, akakikunja taratibu kwa mikono miwili. "Televisheni usiifunike, nayo inapumua. Kitandike kwenye kochi, pale anapokaa yeye akija. Mwambie kimepandishwa cheo."