Kisiwa Kilichoondoka na Lornah

Kisiwa cha Ndere kilipoanza kuonekana mbele, abiria sita waliotoka Nairobi kuangalia ndege walisimama wote upande mmoja, boti ikalala.

"Gawanyikeni, jameni," Lornah alisema kutoka kwenye usukani. "Ndege hawatakimbia mkikaa."

Alisema kwa upole. Ilikuwa safari ya kwanza ya boti hiyo, mwaka 1988, na mwenye boti, Gakenia, mama mwenye duka la vitambaa mjini Kisumu, alikuwa ndani, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Alikuwa amesema wazi: safari ikienda sawa, Lornah ni nahodha, ikiharibika, usukani ni wa Ouma, fundi wa injini.

Wavuvi wa ufuoni walikuwa upande wa Ouma. Kwao mwanamke hakanyagi boti ya kuvulia, samaki watakimbia. Lornah aliikwepa sheria hiyo miaka mingi kwa kuendesha boti za viazi na mkaa. "Viazi havikimbii," aliwaambia.

Saa ya kula aliisogeza boti kando ya mafunjo manene, akafunga kamba, akazima injini. Ouma aligawa ugali na samaki aina ya ngege wa kukaanga. Wageni walimtazama ndege mdiria akijitupa majini na kuibuka na samaki. Gakenia peke yake alikuwa anaangalia nchi kavu.

"Ouma, ule mlima ulikuwa kulia."

"Ndiyo, Mama."

"Mbona sasa uko nyuma?"

Lornah aligeuka. Mafunjo hayo yalikuwa yameng'oka zamani, yakaelea na mizizi yake, na upepo ulikuwa unayapeleka pamoja na boti. Kila mtoto wa Dunga, ufuo wa kwao, anajua kudunga upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, chini kwanza, aone kama kuna ardhi, ndipo afunge kamba. Yeye, kwa kutaka wageni wamwone mdiria vizuri, alisahau.

"Nahodha wa viazi," Ouma alinong'ona akicheka. "Lakini fundo umekaza. Halijalegea hata kidogo."

"Nimefunga kwenye kisiwa kinachotembea, Mama," Lornah alisema. "Kosa ni langu. Nafungua sasa."

"Ngoja," mgeni mmoja alinong'ona.

Katikati ya mafunjo, karibu nao kabisa, alisimama nzohe, yule swala wa majini, manyoya yamelowa, anatafuna. Naye alikuwa safarini. Aliwatazama kama abiria aliyepanda kituo cha nyuma. Gakenia akaachia ukingo kwa mikono yote miwili, mara ya kwanza tangu Kisumu, akasimama wima.

"Huyo atashukia wapi?" Ouma aliuliza.

Wageni walicheka huku wameziba midomo. Nzohe akazama mpaka puani, akaenda zake.

Lornah akafungua kamba, wakafika Ndere jua limeshalegea. Gakenia alishuka, akaipiga ardhi kwa mguu mara mbili kuhakikisha, kisha akasimamia hema zikishushwa.

"Kuna wageni wengine wanangoja mjini," alimwambia Lornah. "Nenda leo, uwalete kesho."

"Mimi au Ouma?"

"Ouma anabaki kupika. Ngege wake ni watamu."

"Mama, mimi ni fundi," Ouma alisema.

"Fundi wa ngege."

Lornah alikuwa ameshaingia botini kabla mtu hajabadili neno.

"Na yale mafunjo, Mama?"

"Wapitishe hapo hapo. Ila dunga upondo, ujue kama mmekaa au mnakwenda."

Lornah alidunga upondo, akaisukuma boti, akacheka mpaka injini ikashika. Ufuoni Ouma alisimama na sufuria mkononi. Gakenia alipunga mikono yote miwili.