Maziwa ya Ukweni

Kutoka Morogoro hadi Ngara tulisafiri siku mbili, mke wangu akiwa na mimba kubwa, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Alitaka kujifungulia kwao, Bukiriro, na mimi, fundi wa kupaua niliyezoea kuhama mji hadi mji, sikuona sababu ya kukataa. Mpaka leo naukumbuka ubaridi wa vilima vile na harufu ya mibuni ikichanua, na kule kukumbuka kwenyewe kunanikasirisha.

Mtoto alizaliwa salama. Miezi michache baadaye mashavu yake yalikuwa mekundu, yakapasuka na kutoa maji, kisha shingo, kisha mikunjo ya viwiko. Alinyonya huku anajikuna mpaka shuka linabaki na damu. Nesi wa hospitali ya Rulenge alisema ni pumu ya ngozi. Alitupa mafuta ya kupaka, akamwambia mke wangu asiache kunyonyesha. Mafuta hayakutosha. Tuliporudi akatueleza kwamba mara nyingi chanzo si chakula, ila kwa watoto wengine anachokula mama hupitia kwenye ziwa lake. Tuondoe kitu kimoja tuone, tukirudishe, tuone tena. Tuanze na maziwa ya ng'ombe.

Maziwa! Mama mkwe alikuwa amemtengea binti yake aliyejifungua maziwa yote ya ng'ombe mmoja, na ng'ombe mwenyewe ndiye niliyemtoa mahari.

"Asinywe?" aliniuliza. "Mkwe, kumbe unamdai ng'ombe wako?"

"Simdai, mama. Ni ngozi ya mtoto."

"Nimelea wanane kwa maziwa. Ngozi ya mtoto inaharibiwa na baba asiyetulia."

Yaani eti nimembemenda mtoto kwa kutembea na wanawake huko nje. Mimi, niliyekuwa nashinda juu ya mapaa ya watu, juani! Mke wangu alinijua, na alikaa kimya.

Aliacha kunywa maziwa, lakini mtoto hakupata nafuu. Siku moja nikamkuta mama mkwe anamimina maziwa kwenye chungu cha mboga.

"Nimetia kidogo tu," alisema, bila hata kugeuka.

Nikapanga mafiga yangu nyuma ya nyumba, nikawa nampikia mke wangu mwenyewe: maharage, dagaa, ndizi. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuja kusimama pale mikono kiunoni.

"Hongera, shemeji! Umeolewa lini?"

Uwanja mzima ukacheka. Nilikoroga maharage nikiwa na hamu ya kumrushia mwiko. Lakini ngozi ilikauka, na mtoto akaanza kulala. Baada ya wiki kadhaa, kama nesi alivyoelekeza, mke wangu alikunywa kikombe kimoja. Mashavu yakawa mekundu tena. Nilimwita mama mkwe aone kwa macho yake, nikidhani mambo yamekwisha. Akatazama, akatikisa kichwa.

"Basi ziwa la mama yake ndilo bovu. Aachishwe, apewe ya ng'ombe."

Nilidhani ni hasira tu. Siku chache baadaye nilirudi kutoka kazini mchana nikamkuta mtoto mapajani pa mama mkwe, kikombe mdomoni. Mke wangu ameketi pembeni, anaangalia. Nilikipokonya, maziwa yakamwagika kwenye kanga ya bibi, lakini mtoto alikuwa ameshameza. Midomo ikaanza kuvimba, vipele vikatapakaa uso mzima. Tulipanda bodaboda hadi Rulenge.

Madaktari walimtibu, akapona. Nilirudi Bukiriro kuchukua nguo tu.

"Ulimshtua mtoto kwa makelele yako," mama mkwe aliniambia mlangoni, "ndiyo maana akavimba."

Nilifunga begi, nikaondoka, na sijarudi tena.

Basi la kuturudisha Morogoro liliposimama Nyakanazi tuliingia kwenye mgahawa. Mhudumu akamuuliza mke wangu, "Dada, chai ya maziwa au ya rangi?"

"Ya rangi," alijibu kwa sauti kubwa, hata watu wa meza ya pili wakageuka. "Maziwa yanamdhuru mwanangu."

Nilimtazama. Kumbe maneno anayo. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuyasema kule, mbele ya mama yake. Mtoto akaanza kulilia ziwa, akampa, nami nikanyamaza.