Mpiga Besi Apata Sauti Yake

Mchagua jembe si mkulima, na mpiga besi wa bendi ile alikuwa amechagua magitaa mpaka wauza duka wakimwona wanajifanya wanafunga. Hili zito, lile halina roho. Aliyagonga mbao kwa vidole laini kama vya bwana harusi, akatega sikio kama mnunuzi wa tikitimaji. “Natafuta sauti yangu, jamani,” alinong'ona. Mpiga ngoma, aliyemvuta kwenye mapigo kila wimbo kama mtu avutaye mbuzi mvuani, alikuwa amechoka naye. Jumamosi wanapiga hotelini, na wakiboronga hawaitwi tena.

Kwenye mazoezi ya mwisho akaja na gitaa jekundu, jipya. Akafumba macho, akapiga wimbo mzima, jasho likamtiririka. Ajabu, wimbo ulitembea kuliko siku zote. Mpiga ngoma akatazama chini: waya wa gitaa umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

“Kaka, umeisikia?” mpiga besi akauliza, machozi yakimlengalenga. “Hii sasa ndiyo sauti yangu!”

“Ndiyo yenyewe, ndugu yangu,” akajibu mpiga ngoma, akiusukumia waya nyuma ya spika kwa mguu. “Jumamosi ipige hivyohivyo.”