Mpima mvua wa Chamazi na chombo kisichojazwa

Saa tatu asubuhi jua limeshapanda juu ya mikorosho ya Chamazi, na Adelina amepiga magoti mchangani kama mtu anayesali. Mbele yake pana chombo chembamba cha shaba, nusu yake imefukiwa ardhini. Anaondoa faneli ya juu, anachungulia, kisha anakichomoa na kukiinamisha juu ya gilasi ndefu yenye mistari. Hakidondoki kitu.

"Leo tena kitupu?" anauliza jirani yake, Bi Mwamvita, akiwa nje ya uzio wa fito.

"Kitupu, mama."

"Serikali nayo ina subira. Inakulipa uandike hakuna."

Adelina anacheka bila kuinua kichwa. Anaandika sifuri, taratibu, kama mama anayemfunika mtoto aliyelala.

Huyu ndiye mpima mvua wa Chamazi, pembezoni mwa Temeke. Alizaliwa Ndanda, akaja huku na mumewe Gregori, mchonga vinyago, wakapata kijishamba cha mihogo. Kusoma amejifunzia ukubwani, katika darasa la jioni la elimu ya watu wazima, mtoto wake wa mwisho akiwa mgongoni. Mwalimu akiuliza swali na mtoto akilia, darasa zima lilikuwa likimbembeleza kwanza, jibu baadaye.

Kazi hii ilimfikia kwa njia ya redio. Serikali ilitangaza kwamba imetenga fedha kwa watafiti wa mambo ya anga na ardhi, na kila mwenye wazo la kulifaa taifa alete maombi. Miongoni mwa walioomba ni Ndugu Leonardi, mwalimu kijana wa chuo. Alitaka kujua mvua inayonyesha pembezoni mwa jiji inazama wapi, na maji gani yanabaki chini ya mchanga. Akapewa fedha za mwaka mmoja, akaweka vipimo, na kila kipimo kikahitaji mtu mwaminifu wa kukiangalia.

Posho yake Adelina ni shilingi arobaini kwa mwezi. Haimtoi mtu shambani, lakini si posho iliyomfanya apende kazi hii.

"Kisima chetu cha zamani kimegeuka chumvi," anasema. "Chai yake hata sukari haiioni. Ndugu Leonardi alituambia vipimo vikikamilika tutajua kisima kipya tukichimbe wapi. Sie tumeshachimba viwili kwa kubahatisha, vyote vikavu."

Kwa hiyo kiangazi kilichopita, habari zilipokuja kwamba kamati inayogawa fedha hizo itatembelea Chamazi kabla ya kuamua kama utafiti uendelee, kijiji kizima kilishika roho mkononi. Kamati ikikataa, vipimo vingeng'olewa. Kisima kingerudi kwenye kubahatisha.

Njia ilifagiliwa mpaka ikawa na alama za ufagio kama mkeka. Gregori alichonga kibao cha jina la kituo. Mjumbe wa nyumba kumi aliwaonya watu wasije wakaanza kuomba bati na saruji, maana wageni wa sayansi si wageni wa kuombwa bati.

Wageni walifika asubuhi, wakiongozwa na Ndugu Ansbert, mzee mrefu mwenye suti ya mikono mifupi. Baada ya salamu akaomba kazi ifanyike mbele yake, kama ifanyikavyo siku zote. Adelina akapiga magoti, akaondoa faneli, akamimina.

Maji yakatoka.

Yalipanda ndani ya gilasi, safi, yakapita mstari wa kumi. Ndugu Leonardi alitabasamu kwa furaha. Alikuwa amelala mjini, na Chamazi hunyesha peke yake wakati mwingine. Lakini Adelina alikuwa amelala hapo hapo, chini ya makuti yasiyoficha hata tone. Mchanga chini ya magoti yake ulikuwa mkavu, unatimka vumbi.

Akainua macho. Pembeni alisimama Bi Mwamvita katika kanga zake za sikukuu, uso umejaa fahari, bakuli lake mkononi.

Adelina anasema hapo ndipo alipoelewa. Mama huyu ndiye aliyemkanda alipojifungua. Ndiye anayemlishia watoto siku za darasa. Kumwumbua mbele ya wageni kungekuwa kama kumpiga kwa mkono uleule ambao mama huyo aliushika siku ile. Na kunyamaza je? Maji yale yangeingia kwenye hesabu ya Ndugu Leonardi na kuitwa mvua.

"Ndugu wageni," alisema, "haya maji si mvua."

Ndugu Ansbert akauliza yametoka wapi, na kabla Adelina hajatafuta neno la kumstahi jirani yake, Bi Mwamvita mwenyewe akasogea mbele.

"Mie nimeyatia," alisema. "Watu watoke mjini kuja kutazama chombo, wakikute kikavu? Kwetu hata sahani ya jirani hairudi tupu."

"Na wewe utaandika nini?" Ndugu Ansbert alimgeukia Adelina.

"Sifuri. Nikiandika haya, kisima kitachimbwa penye ukarimu wa mama, sio penye maji."

Ndugu Leonardi aliyakodolea macho maji yale kana kwamba ni mwaka wake mzima unaomwagika. Ndugu Ansbert alivua miwani, akaipangusa kwa muda. Kisha akamwuliza Bi Mwamvita kama na chungu cha jikoni alikuwa amekitia maji matupu. Ndipo watu walipopata pumzi ya kucheka, na wageni wakakaribishwa mihogo ya nazi.

Uamuzi ulichukua zaidi ya mwezi. Ndani ya kamati, Ndugu Leonardi alikuja kueleza, wako waliosema kituo ambacho kila jirani anaweza kukitilia maji hakifai senti ya umma. Wengine wakasema kituo chenye mtu wa namna ile ndicho cha kuongezewa. Fedha zikatoka kwa mwaka wa pili, kwa sharti la uzio. Fito alizikata Gregori. Kamba ya mlango aliisokota Bi Mwamvita, na akaifunga mwenyewe, fundo gumu kuliko lililohitajika.

Sasa Adelina anasomea mtihani wa darasa la jioni. Akifaulu, Ndugu Leonardi amemwahidi kumfundisha kupima na upepo. Ndoto yake ni kuona vipimo kama hiki mpaka kule Madale, kwenye vilima, halafu kisima cha Chamazi kichimbwe kwa kujua.

Kazi ya asubuhi imekwisha. Adelina anafunga mlango wa uzio, anamrudishia jirani yake bakuli alimoletewa uji jana. Ndani yake ameweka korosho za kukaanga.

"Masika yakianza, mama, nataka wewe uwe wa kwanza kuchungulia."

Bi Mwamvita anatafuna korosho, anatazama mbingu iliyo nyeupe kwa joto.

"Na nikikikuta kitupu?"

"Utaniambia kitupu."

"Haya," anasema Bi Mwamvita. "Nitakuambia."